Nani alilipa? Shajara ya kuisoma Marekani ya 1946–1960 kupitia filamu na majarida yake

11 Januari 2025: Shabaha na vyanzo

Nataka kuielewa Marekani ya baada ya Vita Kuu ya Pili kwa kutumia vitu ambavyo watu wake wa kawaida walivitazama na kuvisoma: filamu za kuburudisha, filamu fupi za kufundishia na za matangazo, na majarida ya kila wiki. Vitabu vya wanahistoria vitakuja baadaye. Ninaandika shajara hii ili mwenye simu na kifurushi cha data aweze kuifuata kazi hii, au aifanye kwa nchi nyingine anayoipenda.

Vyanzo vikuu ni hivi. Jarida la Life, lililotoka kila wiki kuanzia Novemba 1936 hadi Desemba 1972, linasomeka bure na lote kwenye Google Books. Matoleo mengi ya Ebony na Jet yapo huko pia. Filamu fupi zimo kwenye Internet Archive, katika mkusanyiko ulioanzishwa na Rick Prelinger mwanzoni mwa miaka ya 1980. Yeye aliokota mikanda ambayo viwanda, shule na idara za serikali zilikuwa zinaitupa, na mwaka 2002 Maktaba ya Bunge la Marekani ikauchukua mkusanyiko wake wa mikanda. Magazeti ya kila siku hadi mwaka 1963 yapo kwenye hazina ya maktaba hiyo inayoitwa Chronicling America. Majarida ya wafanyabiashara wa sinema yapo Media History Digital Library.

2 Februari: Kupakua

Hatua hii ina mambo mawili tu ya kusema. La kwanza ni ukubwa wa faili. Filamu hiyohiyo ya dakika kumi huwekwa kwa ukubwa tofauti: faili la MPEG2 hukaribia MB 400, ila lile dogo la MPEG4 ni kama MB 40. Kwa kusikiliza maneno na kuona vyombo vya jikoni, dogo linatosha kabisa. Nilipoanza na makubwa, kifurushi cha mwezi kiliisha kabla wiki ya pili haijafika. Sasa nashusha madogo, na kubwa nalichukua pale tu ninapohitaji kusoma maandishi kwenye kopo au bango.

La pili ni umeme. Hapa Morogoro ukikatika, upakuaji wa kawaida huanza upya. Kila filamu huko ina faili la torenti, njia ya kushusha faili vipande vipande, na torenti huendelea pale ilipoishia.

Gharama hadi sasa: diski ya nje ya TB 1, shilingi 140,000, data, shilingi 50,000.

1 Machi: Orodha ya filamu mashuhuri imenikwamisha

Nilianza kama wengi wanavyoanza, kwa kutafuta orodha za filamu bora za miaka hiyo na kuzifuata. Filamu ni nzuri, sibishi. Lakini kila nilipoandika kwenye daftari maswali yangu (walikula nini, walilala wapi, waliogopa nini, nani aliishi jirani na nani), kurasa zilibaki tupu au zikajaa majibu yanayofanana kupita kiasi. Mhalifu lazima ashindwe. Mume na mke wana vitanda viwili. Mtu Mweusi akitokea, ni mtumishi.

Ufanano huo una sababu iliyoandikwa. Studio za Hollywood zilikuwa na kanuni za maadili zilizopitishwa 1930 na kuanza kusimamiwa kwa nguvu 1934, chini ya Joseph Breen. Miswada ya filamu ilipita kwenye ofisi yake kabla kamera haijawashwa. Kanuni zilikataza uhalifu kuonyeshwa kwa huruma, na zilikataza wazi mapenzi kati ya Weupe na Weusi. Mfumo huo ulidumu, ukilegea polepole, hadi Novemba 1968 ulipowekwa utaratibu wa kupanga filamu kwa umri wa mtazamaji. Mwenye kuzisoma filamu hizi kama picha ya mtaa anasoma picha iliyokwisha kupitiwa na kalamu.

Televisheni ilirithi woga uleule. Mwaka 1952 mchekeshaji Lucille Ball alipokuwa mjamzito, ujauzito wake uliingizwa kwenye kipindi chake, ila neno la Kiingereza la "mjamzito" halikutamkwa, walisema "anatarajia". Kipindi cha kujifungua, cha 19 Januari 1953, kilitazamwa na watu wapatao milioni 44. Kesho yake Eisenhower aliapishwa kuwa rais, na waliomtazama walikuwa wapatao milioni 29.

Marekebisho niliyofanya: kila kitu ninachokitazama au kukisoma sasa kina mstari wa kwanza kwenye daftari, *nani alilipa?* Filamu ya studio ililipwa na mnunua tiketi, ikachujwa na ofisi ya Breen. Filamu ya kasa Bert, ya 1951, iliyowafundisha watoto kujitupa chini ya madawati bomu la atomiki likilipuka, ililipwa na idara ya serikali ya ulinzi wa raia. Ile ya 1956 ambamo mwanamke anacheza dansi kati ya magari mapya na kuingia katika jiko la kesho linalopika keki lenyewe, ililipwa na General Motors, yenye magari hayo na yenye friji za Frigidaire zilizo jikoni humo. Swali hili limeamsha hata filamu ambazo nilikuwa nimeziruka kwa kuziona ni za kuchosha.

22 Machi: Tarehe hazilingani

Mpango ulikuwa rahisi: chukua filamu iliyotoka wiki fulani, fungua Life ya wiki hiyo, viweke kando kwa kando. Mpango haukusimama, na sababu zake zinafaa zielezwe kwa kirefu kwa sababu yeyote atakayeiga kazi hii atajikwaa palepale.

Kwanza, tarehe ya kwenye jalada si siku jarida lilipoanza kuuzwa, jarida lenyewe hutangulia. La kila wiki lilifika mezani siku kadhaa kabla. La mwezi lililoandikwa Desemba lilikuwa likiuzwa Novemba, na lilikuwa limeandikwa mapema zaidi. Nikitaka kujua akina mama waliambiwa wapike nini kwa sikukuu ya shukrani ya Novemba, toleo la Desemba halinifai.

Pili, filamu haikutoka nchi nzima kwa siku moja. Ilianza kwenye majumba makubwa ya New York na Los Angeles, ikashuka kwenye majumba ya mitaani, na miji midogo ikaipata baada ya wiki au miezi. Tarehe iliyoandikwa kwenye ensaiklopidia ni ya onyesho la kwanza tu.

Tatu, utafutaji wa maneno ndani ya kurasa zilizopigwa picha hauaminiki. Maneno ya matangazo mengi yalichorwa kwa mkono au kulazwa juu ya picha, na kompyuta haiyaoni. Nilitafuta jina la sabuni moja nikapata kurasa chache, kisha nikafunua kwa mkono nikaiona tena na tena.

Suluhisho lina hatua tatu. Nachagua mji mmoja. Nimechukua Washington kwa kuwa gazeti lake la Evening Star limo Chronicling America. Natazama ukurasa wa sinema wa gazeti hilo nijue filamu ilionyeshwa lini hasa mjini hapo. Kisha nachukua majarida ya wiki zilizotangulia siku hiyo, nayafunua ukurasa kwa ukurasa. Kazi ni ya polepole, lakini mambo yanaanza kushikana: tangazo la filamu, bei za nyama, na habari za Vita vya Korea katika ukurasa mmoja wa gazeti la jioni.

Njiani nimepata hazina nyingine. Jarida la Motion Picture Herald lilikuwa na safu ambamo wenye majumba ya sinema ya miji midogo walieleza filamu ilivyowalipa: mvua ilinyesha, wakulima wako shambani, watu walitoka kabla haijaisha, watoto waliipenda. Ni sauti za watu waliokuwa wamesimama mlangoni na kuwaona watazamaji usoni. Kwa kazi hii, ukurasa mmoja wa safu hiyo una thamani kuliko uhakiki mwingi.

19 Aprili: Rangi ya waridi na picha za ukungu

Nakala nyingi za miaka ya 1950 nilizozitazama zina wekundu wa ajabu: anga ni zambarau, nyasi ni kahawia, nyuso zina rangi ya waridi. Kwa muda niliandika kwenye daftari juu ya "ladha ya rangi ya zama hizo". Maandishi hayo nimeyafuta yote. Filamu ya Eastmancolor, iliyoingia sokoni 1950, ilikuwa rahisi kutumia, studio zikaikumbatia, ila rangi zake hazikudumu. Bluu na kijani hufifia mapema, wekundu ukabaki. Nakala zilizochapwa kwa njia ya zamani ya Technicolor, ambayo ilihamishia rangi kwenye mkanda kama mashine ya kuchapa, zimebaki na nguvu zake.

Nimeweka utaratibu: sisemi lolote juu ya rangi kabla ya kulinganisha na ukurasa uliochapwa. Tangazo la friji katika Life huonyesha kama waridi ilikuwa waridi kweli. Na kweli ilikuwepo, kwenye mabafu na majiko ya katikati ya muongo huo, ndiyo maana kosa hili ni rahisi kuingia.

Vipindi vya televisheni vina tatizo lao. Vingi vilirushwa moja kwa moja, na nakala iliyobaki ilipigwa kwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha televisheni. Ule ukungu ni wa nakala. Sebuleni mwaka 1951 picha ilikuwa safi zaidi. Kipindi cha Lucille Ball kinaonekana kizuri hadi leo kwa sababu kilipigwa kwa filamu tangu mwanzo, kwa kamera tatu, mbele ya watazamaji.

Jambo la ukubwa nalo nimelitatua. Ukurasa wa Life ulikuwa mkubwa, kama sentimita 27 kwa 35, na kwenye simu tangazo lake linageuka stempu. Nilifikiria kuagiza matoleo halisi kutoka Marekani, lakini nauli ya posta inazidi bei ya jarida mara kadhaa. Badala yake nachapisha kurasa chache kwa karatasi ya A3 kwenye duka la steshenari, shilingi 2,000 kwa ukurasa wa rangi. A3 inaubeba ukurasa wa Life kwa ukubwa wake halisi. Nilipobandika tangazo la gari ukutani ndipo nilipoelewa jinsi kurasa mbili zilizofunguliwa zilivyojaza mapaja ya msomaji.

Gharama za hatua hii: karatasi 15 za A3, shilingi 30,000.

17 Mei: Miwani, na simba wa Tsavo

Kuna picha moja ambayo karibu kila anayetaka kuonyesha Amerika ya miaka ya 1950 huitumia: ukumbi umejaa watu waliovaa vizuri, wote wamevaa miwani ya karatasi, wote wanatazama mbele. Ilipigwa na J. R. Eyerman wa Life, tarehe 26 Novemba 1952, katika jumba la Paramount, Hollywood. Mara nyingi haielezwi watu hao walikuwa wakitazama nini. Walikuwa wakitazama Tsavo.

Filamu iliitwa *Bwana Devil*, ya Arch Oboler, na ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya Marekani kuwa ya rangi na ya 3D kwa pamoja. Kisa chake ni simba waliokula wajenzi wa reli ya Uganda mwaka 1898. Sehemu kubwa ilipigwa California. Simba halisi, ngozi zao zikiwa zimejazwa na kusimamishwa, walikuwa tayari Chicago, kwenye jumba la makumbusho la Field, walikouzwa na Patterson aliyewaua. Msomaji wa Voi au Mtito Andei anaweza kuiangalia picha ile ya miwani kwa haki kamili kama sehemu ya historia ya kwao iliyosafirishwa na kurudishwa kwa sura nyingine.

Hapa nilitaka kuonja alichokionja mtazamaji. Nikatengeneza miwani ya karatasi laini, jicho moja jekundu, jingine bluu, kama inavyochorwa kwenye mabango. Haikufaa, na isingeweza kufaa. Filamu hiyo ilitumia miwani ya Polaroid yenye vioo vya kijivu vinavyopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja kwa kila jicho. Projekta mbili ziliendeshwa sambamba, na pazia lilipakwa rangi ya fedha ili lisiuvuruge mwelekeo huo. Hakuna kioo cha simu kitakachofanya hivyo. Nimeitazama katika nakala ya kawaida, na kusema kweli bila kina chake ni filamu dhaifu. Kilichouzwa kilikuwa simba kurukia mapajani.

Kujua mtambo kumenieleza kwa nini homa ile ilipoa haraka. Majumba mengi yalikuwa na projekta mbili, zilizopokezana ili onyesho lisikatike. Zote mbili zikitumika pamoja, lazima kuwe na mapumziko ya kubadili mikanda. Mkanda mmoja ukikatika na kupoteza picha chache, wa pili lazima ukatwe sawasawa, vinginevyo macho ya watu yanauma. Septemba 1953 ilipokuja CinemaScope yenye pazia pana, ilitangazwa kwa sifa kwamba haihitaji miwani, na wenye majumba wakashukuru.

Nani alilipa? Kwa namna yake, televisheni. Mwaka 1950 kama asilimia 9 ya kaya za Marekani zilikuwa nayo. Mwaka 1960, kama asilimia 87. Sinema ililazimika kutoa kitu ambacho sebule haikiwezi.

28 Juni: Kitongoji kilekile, filamu mbili

Hatua hii ndiyo iliyonipa ninachokitafuta. Nashauri anayeanza leo aanzie hapa.

Mwaka 1957 jarida la Redbook lilitengeneza filamu fupi juu ya maisha ya vitongoji vipya vya pembezoni mwa miji. Vijana waliooana wanahamia, watoto wanakimbia kwenye nyasi, magari yanafurika kwenye maduka makubwa mapya. Watazamaji waliokusudiwa hawakuwa vijana hao. Filamu iliwaambia wenye makampuni: hawa ndio wasomaji wetu, wananunua kila kitu, wekeni matangazo kwetu. Jarida limelipia filamu ili liuze kurasa zake. Ukiifahamu hiyo, kila tabasamu ndani yake lina bei.

Niliitazama mara ya pili nikihesabu nyuso badala ya bidhaa. Hakuna Mweusi.

Agosti mwaka huohuo, William na Daisy Myers walinunua nyumba Levittown, Pennsylvania, mji wa nyumba zaidi ya 17,000 zilizojengwa kwa mfululizo na kampuni ya Levitt, ambayo ilikataa kuwauzia Weusi. Bwana Myers alikuwa askari mstaafu wa vita. Walikuwa familia ya kwanza ya Weusi mjini humo. Umati ulikusanyika usiku baada ya usiku, mawe yakavunja kioo cha dirisha, na gavana akapeleka polisi wa jimbo. Filamu fupi ilitengenezwa papo hapo, nayo inapatikana kwenye Internet Archive: majirani Weupe wanahojiwa, wanaopinga na wanaounga mkono, wameketi katika sebule zilezile, wenye nywele zilezile na mapazia yaleyale ya filamu ya Redbook.

Tazama ya Redbook kwanza, kisha ya Levittown, siku hiyohiyo. Mama anayesema kwa sauti ya upole kwamba hana chuki, ila anahofia thamani ya nyumba yake, ndiye mnunuzi ambaye wenye makampuni walionyeshwa. Nilirudi kwenye kurasa za matangazo nilizobandika ukutani nikaanza kuona ua, njia ya gari na jirani anayepunga mkono kama mambo yaliyolindwa. Na mikopo ya nyumba hizo ilidhaminiwa na idara ya serikali kuu, ambayo kwa miaka mingi ilipendelea mitaa ya rangi moja. Kwa hiyo jibu la "nani alilipa?" lilikuwa pia mlipa kodi, akiwemo Myers mwenyewe.

9 Agosti: Jalada dogo la Jet

Kutoka Levittown sikuweza kuendelea na Life peke yake. John H. Johnson alianzisha Ebony Chicago mwaka 1945, kwa mfano wa Life, na Jet mwaka 1951, kijarida cha kutia mfukoni. Mwanzoni makampuni makubwa hayakutaka kuweka matangazo kwa wasomaji Weusi. Zenith, kampuni ya redio ya Chicago, ilikuwa miongoni mwa za kwanza kukubali. Baadaye bidhaa zilezile za Life zinaonekana Ebony zikiwa na nyuso nyeusi. Nimezichapisha mbili mbili na kuzibandika jozi kwa jozi, na kazi yote ya matangazo inajieleza: sentensi ileile, chupa ileile, watu wawili ambao mwaka huo wasingeruhusiwa kuketi meza moja katika miji mingi ya Kusini.

Kisha kuna toleo la Jet la 15 Septemba 1955. Emmett Till, mtoto wa miaka 14 kutoka Chicago, aliuawa Mississippi tarehe 28 Agosti. Mama yake, Mamie Till, alikataa jeneza lifungwe, akataka watu waone walichomfanyia mwanawe. Picha ya David Jackson ilichapwa Jet. Magazeti makubwa ya Weupe hayakuichapa. Kwa hiyo mtu angeweza kuyasoma majarida yote ya kwenye meza ya daktari wa Kizungu mwaka huo, akaenda sinema kila Jumamosi, na asiione picha ambayo nyumba nyingi za Weusi ziliijua.

Picha hiyo sikuibandika ukutani. Nimeandika tarehe na ukurasa kwenye daftari, inatosha.

6 Septemba: Bei, hakimiliki na hesabu

Bei za matangazo zilikuwa zinanisumbua. Kuzigeuza kuwa dola za leo (dola ya 1955 ni kama 12 za sasa) kunatoa namba bila uzito. Nimehamia kwenye saa za kazi. Televisheni ya rangi ya RCA mwaka 1954 iliuzwa dola 1,000, na kima cha chini cha mshahara kilikuwa senti 75 kwa saa. Hiyo ni zaidi ya saa 1,300, wiki 33 za kazi bila kula wala kulipa kodi ya nyumba. Life yenyewe, kwa senti 20, ilikuwa dakika 16. Sasa naona kwa nini jarida lilifika mahali ambapo rangi ya televisheni haikufika.

Kwa watakaotaka kuweka vipande hadharani: kazi iliyochapwa Marekani kabla ya 1964 ilibidi hakimiliki yake ihuishwe mwaka wa 28, la sivyo ikawa mali ya umma. Nyingi hazikuhuishwa. Lakini angalieni kila moja peke yake. *It's a Wonderful Life* ya 1946 haikuhuishwa 1974, vituo vya televisheni vikaionyesha bure kila Krismasi hadi ikapendwa na taifa zima, kisha 1993 wenye haki za hadithi na muziki wake wakaidai tena na kuizuia.

Jumla hadi leo: diski 140,000, data 200,000, karatasi za A3, pamoja na jozi za Ebony na Life, 74,000. Yote ni shilingi 414,000.

Hatua inayofuata ni mwaka 1955 peke yake, Washington, kuanzia Julai ilipofunguliwa Disneyland hadi Desemba Weusi walipoanza kususia mabasi ya Montgomery: ukurasa wa sinema wa Evening Star, Life, na Jet, wiki kwa wiki. Matoleo ya Julai nimeshayapanga kwenye diski.